Matone ya Siku ya Kliniki

Dalali mmoja wa nyumba alizoea kudanganya kila mtu, na sasa alikuwa akilidanganya jicho lake mwenyewe. La kulia lilikwisha kufa. La kushoto lilikuwa na magamba meupe kama mba kwenye ukingo wa mboni, na daktari alishamweleza kwamba magamba hayo huziba njia ya maji ya jicho, presha ya ndani ya jicho ikapanda, mshipa wa kuonea ukanyauka. Akapewa matone ya kila siku. Yeye akayatumia asubuhi ya kliniki tu, kama mtu anayefagia uani akishasikia wageni wanabisha hodi.

Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimsindikiza, aliyaona yote. Alishasema mpaka mate yakamkauka, akamwachia Mungu.

"Presha nzuri sana," daktari alisema, akisogeza mashine pembeni.

Dalali akajikohoza, kama aliyeuza jumba lenye nyufa.

"Lakini upande wa juu huoni tena. Kipimo cha leo ni kibaya kuliko cha mwanzo. Magamba haya ni makorofi, na umri nao umesogea. Kama presha iko chini na mshipa bado unakufa, matone yameshindwa. Itabidi tupasue."

Dada alimtazama mdogo wake. Alibakiwa na neno moja tu la kusema: dawa situmii. Dalali akajifuta jasho.

"Pasueni," akasema.

Kumbe afadhali kisu kuliko aibu. Dada akaona kinyaa. Mtu kapewa macho mawili na Mola, moja kalitupa, la pili analitoa kafara asiitwe mwongo.

"Daktari, huyu dawa hatumii," alisema polepole. "Anatia asubuhi ya kuja kwako, basi."

"Dada, unaniumbua."

"Aibu yako itapona. Jicho halitapona."

Daktari akavua miwani. "Presha ya kupanda na kushuka hivyo ndiyo inayoula mshipa. Ulichopoteza hakirudi. Kisu kinaweza kungoja kidogo, ukitumia dawa kweli."

"Nitatumia mwenyewe."

"Wewe?" dada alisema. "Wewe hata jicho lako halikuamini. Utakuja kwangu kila jioni, ukae kwenye kigoda, uinue kidevu, nikutilie. Wateja wakikuuliza unakwenda wapi, waambie unakwenda kutiwa dawa kama mtoto."

Dalali akatafuta msaada usoni mwa daktari. Daktari alikuwa akiandika tarehe ya kurudi.

"Nije saa ngapi, dada?" akauliza, sauti imemnywea.

"Nikishasali."