Makobazi ya Mzee Msabaha

Ijumaa ile Haidar alitoka msikitini Mlingotini kwa haraka, akavaa makobazi yasiyo yake. Ni jambo la kawaida. Ukikuta viatu vyako vimeondoka unavaa vilivyobaki, kesho mnabadilishana, na hakuna anayemwita mwenzake mwizi. Safari hii aliyebakiwa na yasiyo yake ni jirani yake, Mzee Msabaha, ambaye hukawia ndani kwa nyiradi zake.

Haidar alikuwa na haraka kwa sababu wanaume walikuwa wanamsubiri barabarani na mapanga, waandamane hadi mjini. Mawe ya mpaka yalikuwa yamechomoza ufukweni, palepale wanawake wanapolima mwani, na hakuna aliyejua nani kayapanda. Ofisi moja iliwaambia ufukwe umepata mwekezaji. Ya pili ilisema haujapata. Ya tatu iliuliza Mlingotini ni wapi.

"Nendeni mikono mitupu," mkewe, Wahida, alikuwa amemwambia asubuhi. "Mkibeba panga mnawapa wanachokitafuta."

"Mikono mitupu tumekwenda mara ngapi?"

Kamba za mwani za Wahida zilikuwa ndani ya eneo la mawe yale.

Mjini kulikuwa na mabango, kisha moshi, kisha risasi. Mlinzi mmoja wa ofisi alikatwa panga begani. Waandamanaji walikimbia, viatu vikabaki barabarani. Haidar alirudi peku, kupitia mikokoni.

"Umemkata mtu?" Wahida aliuliza.

"Sijui. Moshi ulikuwa mwingi. Nilirusha mkono, kitu kikauzuia. Sijui kama ni mtu au mti."

Alisema vilevile mara tatu, kila mara akiutazama mkono.

Viatu vilirudi Jumamosi asubuhi. Vilikuja jozi jozi pembeni mwa barabara, bila haraka, vikiyapisha malori, na nyuma ya kila jozi alitembea askari. Wanawake waliokuwa wanafagia waliinua fagio vipite. Kila jozi ilikwenda kwa mwenyewe, ikasimama mlangoni, na askari akapiga hodi.

Makobazi aliyoyavaa Haidar yaliupita mlango wa Haidar bila kusita. Yakapanda baraza ya Mzee Msabaha.

"Shikamoo mzee," alisema askari. "Haya yako?"

"Marahaba. Yangu."

"Basi kwenye maandamano ulikuwepo."

"Sikuwepo, mwanangu. Yaliondoka msikitini."

"Na nani?"

Mzee aliyatazama makobazi aliyovaa, yenye ukanda ulioshonwa kwa uzi wa kijani wa kamba ya mwani. "Sikumwona."

"Sisi tumeagizwa kufuata viatu," askari alisema, naye alionekana hajui zaidi ya hapo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mzee Msabaha hakuwepo, na lake likawepo.

Wahida aliyasikia yote akiwa nyuma ya ua wa makuti. Ukanda ule aliushona yeye. Alifungua kinywa. Haidar alikuwa ndani, chini ya kitanda, mtu mzima na ndevu zake. Wahida akafunga kinywa. Aliona aibu, na aliogopa, na hakujua kipi kilitangulia. Mzee alichukuliwa na miguu yake ikiwa ndani ya makobazi ya Haidar.

Wiki iliyofuata Chausiku, mke wa mzee, alikuja kumwomba Wahida amsindikize kupeleka uji mahabusu. Jirani hakatai jambo kama hilo. Walikwenda.

Mzee alikuwa amekonda. Alisubiri mkewe ageuke kumfungulia askari chupa ya uji aikague, akausogeza uso kwenye nondo.

"Mwambie mumeo viatu vyake vinataka kurudi kwenu," alisema. "Nikivivua tu, vinaelekea mlangoni. Kwa hiyo sivivui. Nalala navyo. Hata sala nasali navyo, Mungu anisamehe."

"Mzee wangu…"

"Ana watoto. Nenda."

Wahida alimweleza Haidar jioni ile, neno kwa neno. Haidar aliitazama miguu yake mwenyewe. Mawe ya mpaka yalikuwa yamepakwa chokaa upya siku hiyo, na hakuna aliyemwona mpakaji.

"Vinambana?" Haidar aliuliza mwishowe. "Mguu wake mkubwa kuliko wangu."

Wahida alisema hakumuuliza.