Namba Arobaini na Saba

Jageshwar Mahto hakuwa na shingo. Kichwa chake kilikaa moja kwa moja juu ya mabega kama chungu juu ya mafiga. Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na shamba hata la kupanda vitunguu. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya reli, na angeiacha siku ambayo angeacha kulinda geti la pale barabara inapokata reli. Lakini kilichompungukia kuliko vyote ni usingizi, na hilo hakuna aliyelisadiki, maana akilala mkoromo wake ulisikika hadi kisimani kwa jirani.

"Unalala kama mwana wa mfalme," walimtania waliosubiri geti lifunguliwe. "Sisi ndio tunaokesha."

Naye kila asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala, kichwa kikimgonga, ulimi mkavu. Alilaumu uji wa unga wa dengu aliokuwa akinywa mchana. Akauacha, akala viazi. Uchovu ukabaki palepale.

Kazi yake ilikuwa hivi. Treni ikikaribia, Tiwari, mkuu wa stesheni, humpigia simu. Jageshwar hutoka, huzungusha mpini mpaka vyuma vishuke pande zote mbili, hufunga kufuli, ndipo hurudi kwenye simu na kumsomea Tiwari namba ya siri kutoka kwenye karatasi yake, mpya kwa kila treni. Namba hiyo ndiyo kiapo kwamba geti limefungwa. Tiwari huiandika daftarini, treni ikaruhusiwa. Kwa miaka ishirini na sita Jageshwar hakuwahi kukosea.

Jumanne saa nane mchana simu ililia. Aliisikia kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji. Mkono ukaiinua, jicho likaiona karatasi, mdomo ukasema, "Arobaini na saba." Kisha kidevu kikarudi kifuani.

Kilichomwamsha ni honi. Geti lilikuwa wazi, na trekta la miwa lilikuwa linamalizia kuvuka, dereva akiimba. Treni ikapita nyuma yake, vumbi la trekta likiwa bado hewani. Hakuna aliyegundua kitu.

Tangu siku hiyo alifanya kazi amesimama, akijimwagia maji usoni. Hakumweleza mtu ila mkewe, Phulmati, naye akamkokota hadi kwa Daktari Rehana, zahanati ya sokoni.

"Anakoroma?" daktari aliuliza.

"Kukoroma nimeshazoea, binti yangu," Phulmati alisema. "Ninachoogopa ni akinyamaza. Kifua kinahangaika, pumzi haiingii wala haitoki. Nahesabu. Nikifika thelathini namsukuma. Mwaka wa tisa huu nahesabu."

Jageshwar akamgeukia. "Hukuniambia."

"Nilikuambia, Baba Munia. Ukasema naota."

Daktari alimpa kifaa kidogo cha kubana kidoleni, naye akalala nacho nyumbani, akakirudisha. Daktari alisoma majibu, akavua miwani.

"Kila saa moja pumzi yako inakatika mara arobaini, baba. Ukilala, nyama za koo zinalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inazibika. Ubongo unashtuka na kukuamsha kidogo tu uvute pumzi, wala hukumbuki. Koo lako ni geti linalojifunga bila treni."

"Na hakuna anayepiga simu."

"Moyo ndio unaohangaika, usiku kucha. Ndiyo maana presha yako haishuki kwa vidonge. Ukiliacha hivi unaweza kupooza, au moyo ukashindwa. Ipo mashine ya kusukuma hewa puani, tutakuombea hospitali ya wilaya. Punguza mwili, lala ubavu. Lakini mpaka utibiwe, usikae getini."

Walirudi kwa miguu, polepole, kila mmoja na uchovu wake.

"Wakikutoa getini wanatutoa na nyumbani," Phulmati alisema.

"Najua."

"Trekta lilikuwa la nani?"

"La Sukhdev. Siku nyingine mkewe hupanda juu ya miwa."

Walipoliona paa la nyumba yao, Phulmati alisimama. "Basi waandikie wakubwa wa reli," alisema. "Mwandiko wako mzuri."

Jumapili, siku yake ya mapumziko, alipeleka barua stesheni ili iingie kwenye mfuko wa barua za makao makuu. Tiwari alikuwa anapuliza chai.

"Mzee wa kukoroma, unaomba likizo?"

"Naomba kutolewa getini, bwana mkubwa. Na nimeeleza namba arobaini na saba. Niliitoa geti likiwa wazi."

Tiwari aliweka kikombe chini. Akafungua daftari, akalifuata kwa kidole hadi Jumanne. "Hapa lilifungwa."

"Hapo, ndiyo."

"Hakuna aliyeona. Bado miaka miwili upate pensheni, kaka. Ichane hiyo karatasi, nenda kalale."

"Ndicho nisichoweza, bwana mkubwa."

Tiwari alifunga daftari. Kisha akawasha mshumaa, akadondosha lakiri nyekundu kwenye mkunjo wa bahasha, akagandamiza muhuri wa stesheni, akaitia kwenye mfuko wa barua. Treni ya saa nne ilipoingia, Jageshwar aliubeba mfuko huo mwenyewe na kumkabidhi mlinzi wa treni mkononi.