Aliyesimama Nyuma ya Goli

Bashira alikuwa na kipindi cha michezo katika redio moja ndogo ya Kikwajuni, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Wiki ile alikosa mgeni. Mchezaji aliyemwalika alimpigia mapema kumwambia mguu umemvimba, hawezi hata kushuka ngazi. Bashira akaona bora awaulize wasikilizaji swali moja tu: mchezo gani uliwahi kuutazama, ambao mpaka leo haujakutoka moyoni?

Simu ziliingia kama alivyotarajia. Mtu wa Mlandege alizungumza juu ya Liverpool kutoka nyuma kwa mabao matatu kule Istanbul. Mwanamke mmoja wa Amani alitaja fainali ya Chalenji ya mwaka 2017, Zanzibar Heroes walipofungwa na Kenya kwa penalti. Alisema ni jambo asilopenda kulizungumza, kisha akalizungumza kwa dakika nne.

Zilikuwa zimebaki dakika tano kipindi kimalizike alipopiga mzee mmoja.

"Nnaitwa Kheir, nipo Fumba. Mie mchezo wangu haukuonyeshwa popote. Ni timu mbili, Tasi na Mkunga, hapahapa kwetu, mwaka elfu mbili na sita. Tukigombania ng'ombe."

"Nani aliondoka na ng'ombe, mzee wangu?"

"Mkunga, watu wa Tumbatu. Kwa penalti. Lakini mpira haukuingia. Kipa wetu wenyewe, Msabah, ndiye aliyemwambia refa kama umeingia. Miaka kumi na tisa sasa, watu wanaulizana kwa nini."

"Na wewe umejuaje kama haukuingia?"

"Nlikuwa nyuma ya goli," alisema Mzee Kheir, na sauti yake ikateremka. "Peke yangu."

Muda ukaisha, ikaingia taarifa ya habari. Bashira alivua vifaa vya masikioni akabaki amekaa. Katika miaka minne ya kazi ile alishasikia kila aina ya ubishi wa mpira, lakini hajapata kusikia kipa aliyejifunga kwa mdomo.

Jumapili alikwenda Fumba. Nyumba ya Mzee Kheir ilikuwa nyuma ya msikiti, na mwenyewe alikuwa barazani akishona wavu. Baada ya shikamoo na marahaba na chai ya mchaichai, mzee alieleza mambo yote kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuyaeleza mara nyingi.

Tasi ilikuwa timu ya Fumba. Mkunga walitoka kisiwani Tumbatu, wakaja na mashabiki wao na ngoma zao. Mchezo ulichelewa kuanza, ukaisha sare ya bao moja kwa moja, na jua likawa linazama, kwa hivyo wakaenda penalti bila ya kuongeza muda. Tano kwa tano wakawa sawa. Ya sita Tasi wakakosa. Mkunga wakipata yao, basi ng'ombe ni wao.

"Ng'ombe mwenyewe alikuwa wapi?" aliuliza Bashira.

"Nnaye mie, nimemshika kamba nyuma ya goli. Fahali mkubwa, mweusi. Watu wakimwogopa, ndiyo maana upande ule hakukuwa na mtu. Wengine wote walijazana pembeni, wakauziba hata mstari. Goli halina nyavu. Yule mchezaji wao akapiga chini, pembeni mwa mlingoti wa kushoto. Msabah akaanguka nao. Watu wakaingia uwanjani kila upande. Refa hakuona kitu. Alipowatawanya, akamkuta Msabah kaulalia mpira. Akamuuliza, umeingia? Msabah akasema, umeingia."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Hakuapa, hakulia. Akenda zake kuvaa viatu vyake. Nami nkawaambia watu wazi: haukuingia, nimeona." Alikata uzi kwa meno. "Basi hapo ndipo pakaharibika. Watu hawakumpiga, la. Ila hawakumsalimia tena. Wiki ya pili tukasikia kenda Tumbatu kula nyama ya ng'ombe yuleyule. Mwaka uliofuata kaoa hukohuko Tumbatu. Basi kila mtu akasema, kumbe mechi imeuzwa kwa mke. Mama yake alipofariki alikuja kuzika, akaondoka siku ileile. Hajarudi tena."

"Unajua yuko wapi?"

Mzee Kheir alishughulika na wavu wake muda mrefu. "Mlandege," alisema mwisho. "Anatengeneza mafriji."

Alijua mtaa, alijua hata kazi yake. Bashira aliliona hilo, lakini hakuuliza.

Duka la Msabah lilikuwa chumba kimoja chembamba kilichojaa mafriji mpaka njiani. Msabah alikuwa mtu mrefu wa miaka arubaini na tatu, mwenye mikono mikubwa, na alizungumza taratibu. Bashira alipomtajia Fumba, aliendelea kufunga skrubu bila ya kuinua macho. Mkewe, Bi Wanu, aliyekuwa ameleta chakula cha mchana, ndiye aliyemsogezea Bashira kiti.

"Kaa, dada. Nami nimemuuliza mara mia. Labda weye atakujibu."

"Nshakujibu," alisema Msabah.

"Umenijibu kuwa umeingia. Hayo si majibu."

Msabah aliweka bisibisi chini. Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, halafu akaanza.

"Mpira uliponifikia nlifumba macho. Kipa hatakiwi kufumba macho, lakini nlifumba. Nkasikia umenipiga hapa," akashika tumbo, "nkaukumbatia. Nlipofungua macho, mlingoti wa goli nnauona mbele ya uso wangu. Mbele, si nyuma. Mtu akiuona mlingoti kwa mbele, keshakuwa ndani ya goli. Na mpira ninao tumboni. Sasa refa ananiuliza umeingia? Nimjibu nini? Umeingia."

"Lakini pengine uliudaka nje, ukasukumwa ndani na watu."

"Pengine. Hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. Sijui kama nliingia nao au nliingizwa nao. Lakini hakuniuliza hivyo. Ningesema haukuingia, ningekuwa nnasema nnachokitaka, si nnachokijua."

"Na Tumbatu kula nyama?"

Bi Wanu alicheka. "Mie nlikuwapo. Kaja na mfuko wa machungwa kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa. Kaka zangu walimwalika wakidhani hatokuja."

"Nlikuwa nataka kumuona yule aliyepiga," alisema Msabah. "Nlimuuliza yeye aliona nini. Kasema kapiga, kageuka, kaanza kukimbia. Naye hakuona. Na mie wakati ule mwili mzima bado unaniuma kwa msukumano wa siku ya mechi. Nlipofungua macho pale golini, kitu cha pili nlichokiona ni kwato. Yule fahali kaniruka kichwani. Ingekuwa kakanyaga, leo hamna wa kumuuliza."

Bashira aliandika kwato katika daftari lake. Akaaga, akatoka. Alikuwa amefika kwenye maduka ya vitambaa aliposimama ghafla, mtu akamgonga kwa nyuma.

Mzee Kheir alikuwa ameshika kamba. Fahali alikuwa nyuma ya goli. Kama fahali alikuwa ameshafika juu ya kichwa cha Msabah wakati Msabah anafungua macho, basi alichomoka wakati mpira unapigwa, au kabla. Na mtu anayeponyokwa na fahali hatazami mpira.

Alimpigia Mzee Kheir palepale, huku ameziba sikio la pili kwa kidole.

"Mzee wangu, nna swali moja tu. Ng'ombe alikuponyoka kabla ya mpira kupigwa, au baada yake?"

Upande wa pili alisikia kuku, na mlango ukifungwa.

"Nani kakwambia ng'ombe kaniponyoka?"

"Msabah."

"Kumbe alimuona," alisema Mzee Kheir. Kisha akasema, "Kesho nnakuja mjini. Nipeleke kwake. Peke yangu sitoweza."

Alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kiua. Njia nzima kutoka stendi mpaka Mlandege alitembea nyuma ya Bashira. Msabah alipomuona mlangoni alisimama wima, akaangusha kibati kilichokuwa mapajani mwake.

"Shikamoo, Ami Kheir."

"Marahaba. Sikai, Msabah. Nisikilize kwanza, halafu utaniambia kama nikae." Alishika ukingo wa friji. "Siku ile sikuona. Zile ngoma za Tumbatu zilimtisha ng'ombe kabla mpigaji hajafika kwenye mpira. Kanivuta, kaniangusha kifudifudi. Nlipoinuka mdomo umejaa mchanga na watu wote wanapiga kelele. Wakaja kwangu wakaniuliza, Kheir, weye ulikuwa nyuma, umeona nini? Niseme nini? Nimepewa kazi moja, kushika ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe nimemwachia. Nkasema nimeona, haukuingia. Ilitoka tu. Kesho yake nkairudia. Baada ya wiki nikawa mtu wa kuaminiwa, watu wanakuja barazani kunisikiliza. Nkashindwa kurudi nyuma."

Bashira alimtazama Msabah akingoja hasira. Aliona uso wake umelegea, kama wa mtu aliyeambiwa kitu alichokuwa akikitafuta hakipo.

"Kwa hivyo hukuona," alisema Msabah.

"Sikuona."

"Hata kidogo?"

"Mchanga tu, mwanangu."

Msabah alikaa juu ya debe. "Miaka yote hii nlikuwa nnajisemea, Ami Kheir kaona. Kama anasema haukuingia, pengine ni kweli mie nlikosea. Nlikasirika, ndiyo, nlikasirika sana. Nimekosa kumuuguza mama yangu kwa maneno yako. Lakini nlikuwa nnajua kuna mtu mmoja duniani anayejua. Sasa hata huyo hayupo."

Mzee Kheir alianza kulia bila ya sauti, machozi yakishuka kwenye ndevu. Bi Wanu alimtazama mumewe, kisha akavuta kiti, akamkalisha mzee kwa kumshika bega. Hakusubiri ruhusa ya mtu.

Mteja mmoja alikuja kuulizia friji yake, akatazama mle ndani, akasema atarudi.

"Nitasema redioni," alisema Mzee Kheir. "Kwa jina langu. Watu wa Fumba wasikie kwangu mwenyewe."

Jumamosi alikuja Kikwajuni akasema, kwa maneno karibu yaleyale, na safari hii sauti haikuteremka. Bashira alifungua simu. Wa kwanza kupiga alikuwa mtu wa Fumba aliyesema yeye aliona vizuri, mpira uligonga mlingoti. Wa pili alisema uliingia hatua mbili nzima. Wa tatu hakuzungumzia mpira. Alisema jina lake Kificho, alikuwa beki wa Tasi siku ile, na anamuomba Msabah radhi, na Ijumaa watamngojea Fumba kwa sala.

Msabah alikwenda. Alitaka kwanza kupita makaburini kwa mama yake, na alipotoka huko macho yalikuwa mekundu, lakini mwendo wake ulikuwa mwepesi. Baada ya sala watu walimpa mikono. Wengine walishika mkono wake kwa muda mrefu, wengine walishika upesi wakatazama pembeni. Mmoja alimpita bila ya kumsalimia, na Msabah akamwacha apite.

Halafu, bila ya mtu kupanga, wakajikuta uwanjani. Bashira alikuwapo na kinasa sauti chake, na Bi Wanu pamoja naye. Milingoti ilikuwa ya chuma sasa, lakini Kificho alishikilia kwamba goli liko palepale. Mwingine akasema lilisogezwa. Wakaanza kupima kwa hatua. Mzee Kheir alionyesha alipokuwa amesimama na fahali, watu wawili wakambishia, wakamsogeza nyuma kidogo, akakubali.

"Sasa nionyeshe ulivyoanguka," Kificho alimwambia Msabah.

"Kanzu hiyo nimeifua jana," alisema Bi Wanu.

Msabah alivua kofia akampa mkewe. Akajishusha chini taratibu, akalala ubavu kwenye mstari, akajikunja na kukumbatia mpira ambao mtu alikwenda kuuleta. Alifumba macho, akafumbua. "Kidogo ndani zaidi," alisema, akajisogeza. "Hapa. Hivi ndivyo nlivyouona mlingoti."

Watu walimzunguka wakiinama, kila mmoja akitazama upande wake na kusema lake. Bashira aliwaacha. Alizunguka nyuma ya goli, akasimama pale walipokubaliana kuwa ndipo alipokuwa Mzee Kheir, akatazama.

Mpira hakuuona, wala mstari. Aliuona mgongo mpana wa Msabah tu, umeziba kila kitu.

"Mzee wangu," aliita. "Hebu njoo."

Mzee Kheir alikuja, akasimama ubavuni mwake. Aliinama, akainuka, akahama hatua moja kulia, akarudi kushoto. Aliweka mkono juu ya macho kukinga jua. Alitazama muda mrefu sana, mpaka Msabah kule chini akauliza kama anaweza kuinuka.

"Hata ningetazama," alisema Mzee Kheir polepole, "nisingeona."

"Ami Kheir," aliita Msabah, bado amelala, "unasemaje?"

"Nasema inuka, mwanangu. Mgongo wako mkubwa."