Shimo la Nne Limegeuka Kijani

Asubuhi ile nilifungua tovuti ya kooperative yetu, ushirika wa wachimbaji madini, hapa Musonoi, nikakuta nimeshushwa cheo. Mimi Myriam Tshiela, niliyeijenga tangu ikiwa ukurasa mtupu, nimefanywa msomaji wa kawaida! Vitufe vyangu vyote vimetoweka. Kilichobaki ni ruhusa ya kubadili picha yangu.

Halafu, kwenye orodha ya mashimo, nikaona Shimo la Nne. Jana nililiweka jekundu, yaani limefungwa, kwa sababu ukuta wake una ufa. Sasa lilikuwa kijani, yaani wazi.

Nilijua mara moja mwizi alipitia wapi. Plagini yetu, kile kiprogramu cha kuandikisha wanachama, ilikuwa na tundu: ukijiandikisha unaweza kuiambia kwamba wewe ni msimamizi, nayo inakubali bila kuuliza. Toleo jipya lenye dawa lilishatoka, ni kubonyeza tu. Lakini rais wa kooperative, Tata Kanyinda, alinikataza. Mara ya mwisho tulipobonyeza, picha yake ilipotea kwenye ukurasa wa mbele, akanuna wiki nzima. Picha, jamani!

Nikampigia Dodo, mlinzi wa lango la mashimo, awatoe watu.

— Dodo, tosha bantu mu Shimo ya ine!

— Mama Myriam, page inaonyesha vert, kijani. Tata prezida alisema tufwate page, hapana sauti ya muntu.

Ni kweli, alisema. Wanunuzi wa madini walizoea kupiga simu ili mashimo yaliyofungwa yafunguliwe, ndipo Tata akaamua kwamba ukurasa pekee ndio wa kuaminiwa. Mimi mwenyewe nilimpongeza.

— Nani iko mule ndani?

— Équipe, kikundi cha ndugu yako Sadrack. Bote balishuka.

Sadrack ni kitinda mimba wetu, nimemlea mimi. Nikampigia Tata Kanyinda, aliyekuwa njiani kwenda Lubumbashi.

— Usiguse kintu, mama, akasema. Technicien atakuja kutafuta mwizi. Mwenye kuingia sasa, tutasema ni yeye.

Akakata kabla sijamtajia Shimo la Nne, na hakupokea tena. Nikaitukana simu. Kisha nikajiandikisha upya, kwa jina langu kamili kwa hasira niliyokuwa nayo, nikapita kwenye tundu lilelile. Nilipanda cheo kabla chai haijachemka. Nikaweka Shimo la Nne jekundu, nikaizima ile plagini, nikampigia Dodo tena. Nilisikia akigonga chuma cha kuwaita watu juu. Aliponiambia wote wametoka, nililia.

Sadrack alikuja nyumbani na matope hadi magotini, amefura kwa hasira.

— Yaya, dada yangu, juu ya nini unafunga? Tulifikia filon, mshipa wa madini! Ile ufa ni ya zamani. Mi nilifungua, nilikushusha cheo ili usifunge, na bado unafunga!

— Ni weye njo ulifungua?

— Si ulisema kwa meza, hata Sadrack anaweza kupita? Basi, nilipita.

Nilisema, kweli. Tulikuwa tunakula, nikawa nalalamika juu ya Tata Kanyinda, nikamwonyesha Sadrack kwenye simu yangu jinsi tundu lilivyo. Nilitaka acheke. Sasa nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia, nikashindwa yote mawili.

Shimo halikuporomoka siku ile, wala siku zilizofuata. Lingeporomoka likiwa tupu, ningekuwa na la kujitetea. Yule technicien, fundi wa kompyuta, alipokuja alikuta majina mawili yaliyojipandisha cheo: jina la bandia lisilo na mwenyewe, na Myriam Tshiela. Akasema huenda ni mtu mmoja.

Waliniita ofisini. Polisi alikuwa ameshaketi. Sadrack alinisindikiza, akasimama nyuma yangu.

— Mama Myriam, akasema Tata Kanyinda, na alionekana kuumia kweli, ile njia, nani mwingine anaijua? Sema tu, utarudi kwako.

Nilisubiri kidogo, nikimpa Sadrack nafasi ya kukiri.

— Mi moja tu, Tata.

Polisi akanyoosha mkono, akadai simu yangu. Nilimpa, na Sadrack hakusema neno.