Sufuria Mbili za Wodini

...na bado hakuna kitu, kijiko kiko mdomoni, mchuzi umeenea hadi kwenye fizi na ulimi umelala tu kama kipande cha raba, sufuria ya kushoto ladha ya maji ya moto, ya kulia ladha ya maji ya moto, na Kasi, msukuma toroli, yuko mlangoni, “Mjomba, ipi ya wagonjwa wa figo?” mjomba gani, hata undugu hawana, ni heshima tu, na heshima yenyewe leo inamlemea, maana mpishi wa hospitali mwenye miaka kumi na tisa jikoni haulizwi mara mbili ipi ina chumvi na ipi haina, anaonja, ananyoosha kidole, basi... mfuniko wa buluu ndio alama ya isiyo na chumvi, lakini mifuniko yote iko kwenye sinki, imeoshwa, ameikuta hivyo aliporudi chooni, mara ya nne tangu asubuhi, na mara zote nne aliaga kwamba anakwenda stoo, ajabu ya mtu kwenda stoo mbio na kurudi mikono mitupu... chumvi alitia kwenye moja, hilo anakumbuka, kisha tumbo likamkata, ipi sasa, ipi, “wa figo leo kumi na mmoja, mjomba, siyo kumi na wawili,” sawa, kumi na mmoja, amesikia... daktari wa tumbo alimwambia wazi, ukihara hivi madini yanatoka na choo, zinki ikipungua ulimi unaweza kupoteza ladha, ukiona hivyo usingoje damu chooni, njoo siku hiyohiyo, naye akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, na vidonge vya zinki viko nyuma ya kopo la sukari, havijaguswa miezi miwili, vilimtia kichefuchefu, na mtu aliyemwambia mkewe nimepona, mama watoto, nimepona kabisa, atameza vidonge vya nini... mara ya kwanza alipougua ulimi ulitangulia, damu ikafuata wiki ya tatu, akalazwa wodini juu huko, akala chakula cha jikoni mwake mwenyewe... na safari hii tangu lini, Jumatatu, chai ya Jumatatu, alimfokea mkewe anabania sukari, mtoto wa watu akaongeza vijiko vinne mbele yake, masikini, na chai ikawa vilevile, leo Alhamisi, basi Jumanne, basi jana, jana pia mifuniko ilikuwa kwenye sinki, jana pia alionja, uongo, alitia kijiko mdomoni tu, akanyoosha kidole, hii hapa, chukua, na Kasi akarudi na toroli anacheka, “Bibi wa figo wa kitanda cha dirishani anakusalimu, anasema leo kimekolea!” naye akavimba kichwa, akacheka pia, miezi yote bibi yule analalamika chakula hakina chumvi, jana kimekolea, Mungu wangu, kimekolea... “Mjomba, kinapoa,” aseme nini, onja wewe, mwanangu, ulimi wangu umekufa, na kesho wamtoe jikoni, na mkewe ajue, amwambie Kasi tu, kwa nini hamwambii, kumi na mmoja, jana kumi na wawili... kijiko bado kiko mdomoni, mvuke unapanda, kidole hakinyanyuki, na anajua sasa kwamba akikitoa kijiko hiki neno la kwanza halitakuwa kushoto wala kulia, litakuwa, Kasi, yule bibi wa dirishani, leo yuko wapi.