Makopo Yanayolia

Mchana mwanamke alizimia kwenye rafu za sabuni, na keshia akaacha kaunta kumpelekea maji. Alijua ni maigizo. Genge la wezi lilikuwa na mtu wake wa kuzimia, na wakati huo wenzake walikuwa wakikomba makopo ya maziwa ya watoto na kuyatia mifukoni. Lakini mtu akianguka, unampa maji.

"Leo umeanguka vizuri, dada," keshia alimwambia. "Juzi ulichungulia kwanza."

Mlangoni makopo yakaanza kulia. Ilikuwa hivyo tangu genge hilo lilipompiga mlinzi wa duka, mume wa keshia, hadi akafa. Kopo lisilolipiwa likivuka mlango lililia kama mtoto mchanga. Wezi walitupa mifuko wakakimbia. Mpanga bidhaa aliyaokota, akayabembeleza begani, yalipotulia akayarudisha kwenye rafu.

Meneja alikuwa ametangaza kwamba mlinzi ndiye aliyewafungulia wezi mlango wa nyuma. Shuleni wanawe wakaitwa watoto wa mwizi. Keshia alibaki kazini kwa jambo moja tu: jina la mumewe lisafishwe.

Jioni wafanyakazi walipokuwa wakitoka, buti la gari la meneja kwenye mlango wa nyuma lilianza kulia. Keshia alilifungua mwenyewe. Lilijaa makopo. Pembeni alisimama yule mwanamke wa kuzimia, akisubiri mzigo.

"Huanguki?" keshia alimuuliza.

Kesho yake walikuja wakubwa wa kampuni. Waliwasikiliza wote, wakasema kelele zinasumbua wateja, wakaagiza redio iongezwe sauti. Meneja alibaki meneja. Marehemu alibaki mwizi.

Keshia alichukua kopo moja kati ya yale ya kwenye buti, akalifunga mgongoni kwa mtandio wake, akakaa kwenye kaunta. Hilo lilikataa kubembelezwa. Lilishinda redio. Wateja waliinamisha vichwa, wakatoa vitu vyao vikapuni, wakaviweka kaunta.

Meneja akaja. "Mama, linyamazishe basi. Watu watatukimbia."

"Libebe wewe. Linakujua."

Meneja hakulibeba. Alirudi ofisini, akafunga mlango.

Keshia alimgeukia bibi aliyekuwa mbele kwenye foleni, akapaza sauti juu ya kilio.

"Karibu, bibi. Mume wangu hakuwafungulia wezi mlango. Una mfuko?"

"Ninao, mwanangu."

Akamwambia hivyo hivyo aliyefuata.