Filta Iliyokazwa na Mama

Pikapu ya mama ilikuwa imesimama uani tangu siku alipolazwa, pua ikielekea getini. Asubuhi hiyo kaka mkubwa alitoa neno lake mbele ya mjomba, ili pasiwe na mtu wa kuligeuza baadaye.

"Ikitoka getini kwa nguvu yake yenyewe, ni yako," alimwambia mdogo wake. "Isipotoka, inapanda lori la vyuma chakavu. Jamaa yuko njiani. Nisije nikaona mtu ananuna."

"Sinuni," alisema Kitinda.

Ilikuwa kweli. Yeye ndiye kitinda mimba wa nyumba ile, na jina hilo lilikuwa limemganda hadi kazini, ambako hukagua mizani za madukani. Tangu mazishi alikuwa analala vizuri, anakula anachopakuliwa, anapima mizani za watu na kuzikuta na kasoro kama kawaida. Wifi yake alimtazama usoni kwa muda mrefu kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasije yakafurika, kisha akakata tamaa na kutangaza kwamba wengine mioyo yao ni ya saruji. Kitinda alimsikia, akaona hana la kukanusha. Katika vitu vyote vya mama alikuwa ameomba kimoja tu, pikapu hii. Alipoulizwa ya nini, alijibu kwamba injini ni nzima. Sababu nyingine hakuwa nayo. Alijua tu kwamba hataki kuiona ikifungwa minyororo na kupandishwa lori.

Injini ilikuwa nzima kweli. Ukiwasha inashika, inanguruma kidogo, halafu inazima kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mjomba, mdogo wa marehemu mama, alikuwa fundi hadi bega la kulia lilipogoma kupanda juu ya kifua. Aliisikiliza mara moja.

"Dizeli haifiki," alisema kutoka kwenye kreti alilolipindua likawa kiti. "Filta imeziba. Toa hiyo, weka mpya, piga pampu, nenda zako. Kazi ya kufanya huku unapiga soga."

Kitinda aliinamia ndani ya boneti, akaishika filta kwa mikono miwili, akaizungusha. Alikuwa kama anazungusha nguzo ya nyumba.

"Nani aliifunga hii?"

Mjomba alikuna kidevu. "Dada yangu."

Kaka aliguna. Mama alikuwa mtu wa kukaza. Chupa ya chai akishaifunga yeye, mgeni hanywi mpaka aitwe mwenyewe aje aifungue. Mabomba ya jikoni yalikatika vichwa mikononi mwake. Filta ya namna ile hukazwa kwa mkono tu, mpira wake wa kuzuia uvujaji ukiwa umepakwa mafuta kidogo, lakini hilo mama hakutaka kulisikia. Siku za nyuma mjomba aliifunga kwa mkono, ikalegea mlimani, dizeli ikamwagika barabarani na mikate ya wateja imejaa nyuma. Tangu hapo mama alifunga mwenyewe, kwa spana ya mnyororo, na mpira aliuacha mkavu.

"Nikamwambia, dada, mpira mkavu utagandana na chuma. Akaniambia, kitu kikavu hakitelezi. Sasa mtu kama huyo utambishia nini?"

"Ungemwambia basi aitoe yeye," alisema Kitinda.

"Angeitoa," alisema mjomba.

Kitinda alianza na spana ya mkanda. Mkanda ulikamata, ukateleza, akajigonga vidole kwenye bomba la radieta. Akaifuta filta kwa tambara, akajaribu tena, ukateleza tena. Akachukua spana ya mnyororo, ile ile ya mama. Mnyororo haukuteleza. Uliibana filta kiunoni mpaka bati likaingia ndani kama kopo lililokanyagwa, na filta yenyewe haikusogea.

"Unaizungusha kuelekea wapi?" aliuliza kaka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kazi aliyopewa ilikuwa kushika taa.

"Kuelekea kufungua, mwalimu," alisema mjomba. "Wewe mulika. Kitinda, chukua bisibisi kubwa, itoboe upande hadi upande, uitumie kama mpini. Toboa juu, karibu na kitako chake, pale inaposhikana na gari. Ukitoboa katikati utachana bati tu."

Kitinda alisikia. Lakini juu hapakuwa na nafasi ya kupiga nyundo, kwa hiyo alitoboa chini kidogo ya pale alipoambiwa. Dizeli nyeusi yenye maji ilimtiririkia kwenye kiwiko hadi kwapani. Alivuta bisibisi. Bati lilichanika taratibu, kwa sauti ya mfuko wa karatasi, mpaka kopo zima likambaki mkononi na karatasi zake zilizooza zikining'inia. Kule juu kilibaki kitako: duara la chuma lenye matundu, limeganda palepale.

"Si nilisema?" alisema mjomba.

"Ulisema, mjomba."

"Basi nimesema bure. Lete tindo."

Ndipo honi ilipopigwa nje. Lori liliingiza pua getini na mnunuzi akashuka, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, akaitazama pikapu kwa jicho la mchinjaji.

"Ndiyo hii? Mbona mmeanza kuichinja bila mimi?"

Kaka alimtazama mdogo wake. Kitinda hakuinua kichwa. Alikuwa ameegemeza tindo kwenye ukingo wa kitako na anagonga, pigo dogo baada ya pigo dogo, upande wa kufungua. Hakuwa na hasira wala hofu. Alikuwa anatazama ncha ya tindo.

"Vuta subira kidogo, bwana," kaka alisema.

"Kidogo ni kidogo. Nina nyumba nyingine za kupitia."

Kaka alimwendea akaanza kumuuliza habari za lori, matairi yake, ulaji wake wa mafuta, maswali ambayo hayakumhusu hata kidogo. Taa alikuwa amempa mjomba, aliyeishika kwa mkono wa kushoto.

Kitako kilitoa mlio mkali. Kikazunguka unene wa ukucha, kisha nusu duara, kisha kikaanza kushuka chenyewe. Mjomba alianza kucheka, akaishia njiani. Kile kijibomba kifupi chenye nyuzi za skrubu, ambacho hubaki juu ili filta mpya ijikaze kwake, kilikuwa kimeng'oka pamoja na kitako. Mama alikuwa amewakaza wawili hao hadi wakawa kitu kimoja.

"Sasa mpya itashika wapi?" aliuliza kaka, aliyerudi kuchungulia.

"Kinarudi," alisema mjomba. "Unafunga nati mbili juu yake, unazibananisha zenyewe kwa zenyewe, unakizungusha kwa spana. Kinatoka hapa, kinaingia pale. Ila nati zenyewe ziwe za nyuzi hizi. Mimi sina."

Kitinda alisimama akiwa na kitako mkononi, akamfuata mnunuzi.

"Samahani. Una nati za saizi hii?"

Mnunuzi alikitazama kijibomba, akamtazama yeye. "Dada, mimi nimekuja kuchukua gari, wewe unataka nilitengeneze?"

"Nati mbili tu."

"Wewe si ndiye wa mizani?" Alimnyooshea kidole. "Ulifunga mizani yangu!"

"Ulikuwa unapunja."

Mnunuzi alicheka mpaka kofia ikahama. Alipanda nyuma ya lori, akapekua ndoo ya vyuma vidogo akilalamika kwamba hata shetani hupewa mapumziko, akarudi na nati zenye kutu. Moja haikuingia. Ya pili na ya tatu ziliingia. Kwa malipo alichukua bati la filta lililochanika, akalitupa kwenye lori kwa heshima zote.

Kijibomba kilitoka kwenye kitako kwa mvuto mmoja mrefu na kikarudi mahali pake bila ubishi. Kitinda aliupaka mpira wa filta mpya dizeli kwa kidole, akaifunga filta kwa mkono. Mjomba alipiga pampu kwa mkono wake mzima hadi ikawa ngumu. Starta ilizunguka, injini ikashika, ikakohoa, ikataka kuzima, ikaghairi. Moshi ulijaa uani. Walingoja. Iliendelea.

"Toa lori lako getini, bwana," kaka alisema. "Kuna gari linapita."

Mnunuzi alirudisha lori nyuma akitikisa kichwa. Kitinda aliingiza gia, akapita kati ya nguzo za geti, akasimama barabarani. Mjomba alikuja dirishani akihema.

"Unakwenda wapi?"

"Sijui. Mpaka injini ipate moto."

"Basi nifungulie."

Alipanda. Kwenye kioo kaka alionekana bado amesimama getini, kiganja usoni, mabega yakimtikisika. Kitinda alimtazama muda aliohitaji ili kujua kwamba analia. Akangoja na yeye kitu kije. Kilichokuja ni kona, akaikata, akaingiza gia ya pili.